Usaili wa Mwisho wa Fundi Vioo

Mume wangu ni fundi vioo. Nalitaja hili mwanzo kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mwigizaji, na ukimuuliza ameigiza wapi ataanza kukueleza habari za subira. Anakata vioo vya madirisha na vya makabati, na anavikata vizuri, hapo simdhulumu. Akishika kioo hasemi neno. Anapima, anapiga mstari, anagonga kidogo, kioo kinaachana chenyewe. Lakini mwambie ajivunie kazi hiyo. Thubutu! Moyo wake uko kwenye jumba la maigizo, kwa ile kampuni inayolipa waigizaji mshahara, inayotoa tamthilia za zamani za kuchekesha, zile zenye mzee bahili, mume mwenye wivu, tabibu wa uongo na mtumishi mwenye akili kumshinda bwana wake.

Kila mwaka kampuni hiyo hufanya usaili wa kutafuta waigizaji. Kila mwaka mume wangu huenda. Kila mwaka huambiwa, "Asante, tutakujulisha." Hawajawahi kumjulisha kitu.

Sasa angekuwa anaenda na kurudi tu, ningenyamaza. Wenzangu wana waume walevi, mimi nina wa majukwaani, kila mtu na mzigo wake. Shida ni namna anavyojiandaa. Bwana huyu haamini kukariri peke yake. Alisikia mahali kwamba mwigizaji wa kweli lazima aishi kama yule anayemwigiza. Basi akaamua kuishi. Na anaishi wapi? Nyumbani kwangu!

Mwaka wa mume mwenye wivu alinifuata mpaka kazini. Mimi ni mpokea wagonjwa hospitalini, nakaa dirishani, naandika kadi na kuita majina kwa sauti ya kumwamsha aliyesinzia benchi la mwisho. Nainua kichwa asubuhi, namwona bwana kakaa katikati ya wagonjwa, kajificha nyuma ya gazeti, ananichungulia. Kila mwanamume aliyekuja dirishani kunieleza habari za tumbo lake, mume wangu anakohoa. Nesi akamhurumia, akamtoa kwenye foleni akapigwe picha ya kifua. Mwaka wa tabibu wa uongo alikagua ndimi za mtaa mzima, na jirani yetu wa mlango wa pili akaacha vidonge vyake vya presha kwa ushauri wa fundi vioo. Nilikwenda mwenyewe kumrudisha kwenye vidonge, nikatukanwa mimi. Mwaka wa mgonjwa wa kujisingizia alilala kitandani akiguna, mama yake akaanza kuwapigia ndugu simu.

"Mama, huyu mzima," nikamwambia.

"Mzima gani, mwanangu? Hebu mtazame alivyopauka!"

Alikuwa amejipaka unga.

Na huyo mama mkwe naye ni kesi nyingine. Watoto wetu wako shule za bweni, kwa hiyo nyumbani tuko watatu: mimi, yeye na huyo mwanawe asiyekosea. Akifanya mazoezi sebuleni, mama anavuta kiti, anapiga makofi, anasema, "Hapo umewamaliza!" Akirudi kutoka usaili kichwa chini, mama anasema, "Mvumilivu hula mbivu." Mbivu gani, jamani? Hizo ziliiva, zikaoza, zikadondoka, na nzi wakahama. Mimi nilikuwa nasema "sawa" na kuendelea kupasi nguo za kazini. Ningesema nini? Mtu akifika kwenye mistari yake anatoa sauti ya tumboni, anainua mkono kama anasimamisha gari, nyusi zinapanda mpaka kwenye nywele. Mstari wa kuchekesha anausoma kama hukumu ya kunyongwa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, nikaona nisijichoshe.

Mwaka huu ndipo maji yalipozidi unga. Saluni moja iliagiza kioo cha ukuta mzima, na mume wangu, akiwa na almasi ya kukatia mkononi na mistari mdomoni, akakikata kifupi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi. Mwenye karakana hakumpigia simu yeye, alinipigia mimi. "Shemeji," akasema, "mwambie achague moja. Mimi nampenda, lakini achague."

Nikamkalisha mbele ya mama yake. Nikampa vidonge vyake vyote bila maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Basi safari hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa, naacha. Hamtanisikia tena nikitaja jukwaa ndani ya nyumba hii."

"Apa."

Akaapa. Kidevu kilimtetemeka, nikajifanya naangalia kalenda. Kwa kweli nilishaanza kuionja amani. Atakosa kama kawaida, nikawaza, atanuna mwezi mzima, kisha tutaishi kama watu.

Lakini kwa vile ilikuwa ya mwisho, bwana alijifunga kibwebwe. Na mhusika wa mwaka huu alikuwa nani? Mzee bahili. Ole wangu! Balbu zikatolewa, ikabaki moja ya kuhamishwa chumba hadi chumba. Sukari ikawekwa kwenye sanduku la chuma, kufuli juu. Sabuni ikakatwa vipande vidogo, kila mtu na chake. Funguo zote za nyumba, zangu na za mama, akazikusanya kwenye pete moja akazining'iniza kiunoni. Nikitaka kwenda kazini namwomba anifungulie kama mahabusu. Analala nazo, akijigeuza zinalia, mimi naamka. Mama anakunywa chai kavu na kusema, "Safari hii kaiva kweli."

Wiki ya usaili kampuni ikatangaza kwamba kila mtu aje na mwenzake wa kumjibu mistari. Mume wangu alikuwa na fundi mwenzake aliyepatana naye, lakini asubuhi ile ile mwenzake akatuma ujumbe kwamba kang'olewa jino na mdomo umevimba. Bwana akakaa kitandani, mikono magotini. Nikatazama saa. Nikasema nisiyotaka kuyasema: "Haya, vaa. Nitakuja mimi." Nikaomba ruhusa kazini, msimamizi akanuna, nikanuna na mimi. Nikatangulia nje kutafuta usafiri, nikiwa nasema peke yangu, yeye akabaki nyuma kukusanya vitu vyake.

Ukitaka kupoteza imani na binadamu, nenda kakae kwenye korido ya usaili. Watu wazima wamejipanga ukutani, kila mmoja anazungumza na ukuta wake. Mabahili walikuwa wengi mno. Kuna aliyevaa koti la marehemu babu yake, kuna aliyetoboa soksi makusudi, kuna mama aliyejichorea masharubu. Wote mistari ile ile, na wote wanatazamana kwa jicho la pembeni kama wake wenza. Nikawauliza wanaotoka, huko ndani kukoje? "Kaburini," mmoja akanijibu. Nikaelezwa kwamba sheria ya kampuni hairuhusu walioko mezani kucheka wakati wa usaili, ili asiyechekewa asivunjike moyo. Yaani unatafuta mchekeshaji, halafu unakataa kucheka! Nikatamani kuondoka.

Tukaitwa. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu. Katikati alikaa mwongozaji, mama mmoja mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ndiyo maana pale koridoni walimwita Bi Miwani. Kushoto kwake mzee mnene mwenye kalamu nyekundu, kulia dada aliyekuwa akiandika. Nyuso zao zilikuwa kavu. Bi Miwani akanipa karatasi yangu. "Wewe ni mke wa bahili. Soma tu, mama, usihangaike kuigiza."

Nani alitaka kuhangaika? Nikasoma kama ninavyoita wagonjwa.

"Bwana, giza limeingia, nimewasha mishumaa."

"Mishumaa?" Mume wangu akanguruma. Mkono juu, nyusi juu. "Mishumaa miwili? Macho yako mangapi, ewe mwanamke? Huoni kwamba nyumba inateketea kwa starehe zako?"

Hakuna aliyepepesa jicho. Nje mtu anafagia, tunasikia kila anapopitisha ufagio. Mume wangu akaongeza sauti, akapiga kifua, akavuta hatua tatu nzito kwenda mbele na moja kurudi. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. Mimi, niliyekuja nikiomba akose, nikaanza kuomba acheke hata mmoja wao. Mzee mnene alikuwa tayari ameshika kalamu.

Hapo ndipo alipofika kwenye mstari wake mkubwa. Akaingiza mkono ndani ya koti, akachomoa pete ya funguo, akaitikisa juu ya kichwa. "Funguo zote ninazo mimi! Hatoki mtu, haingii mtu!"

Zamu yangu kujibu. Nikafungua mdomo, nikaona ufunguo wa mlango wetu wa mbele, ule wenye uzi wa bluu. Nikaishia hapo hapo.

"Hizo funguo ni za wapi?"

"Endelea na mstari," akaninong'oneza.

"Nakuuliza ni za wapi."

"Za nyumbani. Zinalia vizuri kuliko za kuazima."

"Mlango umeufunga?"

"Si... bahili lazima..."

"Na mama?"

Nikaona habari zinamfikia polepole, kama maji yanayopanda ngazi.

"Baba watoto, mama yuko wapi?"

"Ndani," akasema.

Loo! Nikalipuka. Nikasahau meza, nikasahau Bi Miwani, nikatoa ile sauti ya hospitalini ya foleni ndefu. "Umemfungia mama yako! Mzazi wako, aliyekubeba tumboni, umemtia kufuli pamoja na sukari! Moto ukiwaka atatokea wapi, kwenye tundu la ufunguo? Mimi nimevumilia balbu, nimevumilia sabuni ya kipande, nimevumilia kupekuliwa mkoba, nikasema huyu ni mume wangu, ana kiu yake, mwache. Umemfungia mama! Na bado umesimama unanitazama! Sema kitu! Wewe si msemaji? Kila siku mistari, mistari, leo iko wapi?"

Hakusema. Mdomo ukafunguka kutafuta jibu, haukulipata, ukajifunga wenyewe kwa adabu. Macho yakatafuta pa kukaa, yakaenda dirishani, yakarudi kwenye viatu. Akaona funguo bado ziko juu ya kichwa chake. Akazishusha taratibu ili zisilie, zikalia. Akasimama. Akajaribu kuziingiza mfukoni kwa vidole viwili, zikalia zaidi. Akanitazama kuniomba radhi kwa niaba ya funguo. Mzee mnene alikuwa anapekua karatasi kwa haraka kutafuta tumefika ukurasa gani.

"Weka hizo funguo chini!" nikafoka.

Akaziweka chini. Kisha, kwa kuona hana tena la kufanya na mikono, akaiweka nyuma kama mwanafunzi.

Mzee mnene ndiye aliyeanza. Ilimtoka sauti ya puani, akaizuia, ikamponyoka. Dada akainama chini ya meza kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Halafu Bi Miwani akavua miwani ya machoni, akaiweka mezani, akacheka mpaka ile ya kichwani ikamdondokea puani.

"Mnacheka nini?" nikawageukia na wao. "Mama wa watu kafungiwa ndani, nyinyi mnacheka?"

Lo, ndiyo nikawa nimemwaga petroli. Nikaokota funguo, nikatoka mbio, nikawaacha wanapangusa machozi na mume wangu amesimama pale pale.

Nilifika nyumbani nahema. Mama alikuwa kakaa dirishani, anapiga soga na jirani kupitia nondo, kikombe mkononi.

"Mbona mapema?" akaniuliza. "Kapata?"

"Mama! Ulikuwa umefungiwa!"

"Najua. Nilidhani ni mazoezi."

Nikakaa kwenye ngazi. Kuna wakati mtu anaishiwa hata hasira.

Mume wangu alirudi alasiri. Alivua koti, akalikunja, akaweka balbu zote mahali pake moja baada ya nyingine, bila kuombwa. Mama akamletea kiti. Hakukaa.

"Wamenipa nafasi," akasema.

Mama akapiga vigelegele vya nusu, kwa sababu uso wa mwanawe ulimkatisha.

"Ni ya mtumishi. Mtumishi bubu. Anagombezwa na mke wa bwana tangu pazia linafunguliwa hadi linafungwa. Yuko jukwaani muda wote." Akatazama balbu. "Hana hata neno moja. Nimewaambia nitawajibu kabla hawajafunga ofisi. Nitawaambia hapana."

"Hapana?" Nikaruka kama niliyemwagiwa maji. "Umenitesa miaka yote hii ili ije siku uitwe, useme hapana? Wewe una akili sawasawa?"

"Nimejifunza kusema, mke wangu. Umri wote huu najifunza kusema, halafu wananichukua ninyamaze?" Sauti ilikuwa ya kawaida, si ile ya tumboni. Akanitazama usoni. "Niambie kweli. Nikisema mistari, nachekesha?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu hivyo, na mimi maswali ndiyo kazi yangu. Ningeweza kusema "sawa" kama siku zote. Lakini ofisi ilikuwa inakaribia kufungwa.

"Hapana," nikasema. "Hata siku moja."

Akamgeukia mama yake. Yule mama, shahidi wake wa maisha yote, mpiga makofi wake. Mama akakung'uta kanga, akaikunja upya, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mama!"

"Ukisema huchekeshi, baba. Nilikuwa napiga makofi kwa sababu ni wewe."

Akakaa sasa. Tukamwona anazipokea hizo habari, na Mungu anisamehe, uso ule ule ukamjia, mdomo unatafuta jibu na kukosa, mikono haijui pa kukaa. Mama akaziba kinywa kwa kanga. Mimi nikauma mdomo wa chini. Haikusaidia. Tulicheka mpaka mama akashika ukuta, na ninapenda niseme wazi kwamba katika ndoa yetu yote hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kunichekesha.

Hakukasirika. Alingoja tumalize.

"Ndivyo walivyofanya na wale wa mezani," akasema. "Ulipokuwa unanigombeza. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Inauma, unajua? Kila ukinigombeza inauma, hata kama sijibu. Nadhani unafikiri sisikii." Akapangusa paji la uso. "Inauma pale pale wanapocheka. Na sikutaka waache kucheka."

Mimi nilikuwa nafikiri hasikii. Ndiyo maana nilikuwa naongeza sauti.

Akachukua simu, akatoka nayo nje mlangoni. Tulimsikia vizuri. "Ndiyo, ni mimi. Nimekubali." Baada ya hapo hatukusikia tena neno, Bi Miwani upande wa pili alikuwa anazungumza na mume wangu anatikisa kichwa, kana kwamba simu inaona.

Akarudi sebuleni na sura nyingine kabisa, macho yanawaka. Alikuwa ameanza, nikajua, namjua mtu wangu. Mazoezi ya kampuni yanaanza wiki ijayo, akaeleza, na yeye hawezi kufika mikono mitupu, lazima awe ameshaanza kuishi kama mtumishi yule. Akasogeza meza ndogo pembeni. Mama, bila kuambiwa, akavuta kiti chake cha siku zote. Mume wangu akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Haya, mke wangu. Nigombeze."

"Kwa lipi?"

"Kwa lolote. Hukosi."

Nikafungua mdomo. Na kweli sikosi, jamani, ninayo ya tangu tuoane, ninayo ya asubuhi ile ile: kioo cha saluni, sabuni ya kipande, ruhusa ya kazini, mama dirishani nyuma ya nondo. Alikuwa ananitazama na ule uso umeshaanza kujipanga, anangoja maneno yampate.

"Mwanangu, anza basi," mama akasema.

Nikajaribu. Wallahi nilijaribu. Sauti ya hospitalini haikuja. Nikamwambia aende akaoge kwanza, maji ya moto yapo, na yeye akaendelea kusimama pale akisubiri nimgombeze.